Kibao cha Amonia Juu ya Pilau

Watu wanaokuja Keko huja kutafuta makochi. Karakana yetu ilibanwa kati ya fundi makochi na fundi vitanda, na mteja aliyefanikiwa kutufikia alikuwa tayari amekataa kununua kabati mara nne. Sisi tulitengeneza vibao vya mashine: vile vipande vya bati vinavyopigiliwa kwenye pampu, jenereta na matangi kueleza chombo kinaitwaje, kinabeba nini, na ni mpini upi ambao mtu mwenye akili zake hapaswi kuugusa.

Niliingia pale nikitoka chuoni na shahada ya uhandisi mitambo, ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, na msimamo wa kimaadili kuhusu vibao. Naukumbuka msimamo huo vizuri kwa sababu nilimweleza kila aliyesimama karibu nami. Niliamini kwamba kibao ni ahadi ambayo mtu anayejua humpa mtu asiyejua, na kwamba kibao kinachofutika ni ahadi inayovunjwa polepole, hivyo ni kibaya kuliko uongo wa siku moja. Mzee mwenye karakana, mzaliwa wa Temeke aliyeanza kugonga herufi kwenye bati kabla mama yangu hajaanza shule, alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa mwanangu," alisema. "Sasa nishikie hapa."

Nikamshikia.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda cha barafu cha Kurasini, karibu kabisa na bandari, mahali ambapo hata hewa ina chumvi. Mzee alikuwa amewatengenezea vibao vya bati la alumini la kupaka rangi, vizuri kuvitazama, na masika moja tu ikavifuta. Siku moja mfanyakazi wa zamu ya mchana alijikuta mbele ya valvu mbili zenye vibao viwili vitupu, akachagua kwa imani, na akachagua vibaya, gesi ya kugandishia barafu ikavuja. Hakuna aliyeumia. Ila zamu nzima ilitoka mbio hadi barabarani huku machozi yakiwatiririka, na madereva wa malori waliokuwa wamepanga foleni pale nje wakakimbia nao bila kuuliza.

Wiki hiyohiyo mhandisi wa kiwanda alikuja kwetu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole kwa namna inayotisha, na kofia yake ngumu ya kazini hakuivua hata alipokaa. Alifungua gazeti, akatoa kibao kitupu, akakiweka mezani.

"Mzee, hiki kinasemaje?"

Mzee alikigeuza huku na huku. "Hakisemi kitu."

"Na mimi nilikiuliza, kikanyamaza." Akakikunja tena ndani ya gazeti. "Nawapa miezi mitatu. Nioneshe kibao kilichokaa kwenye chumvi, kwenye mvuke, kikasuguliwa na watu wasiokihurumia, na bado kinasomeka. Kikisomeka, mtanitengenezea vya kiwanda kizima. Kisiposomeka, vyote nitaagiza nje."

Nilimwomba atuachie tutundike sampuli zetu palepale kiwandani. Akanitazama kama mtu aliyeombwa funguo za nyumba yake.

"Kiwandani kwangu hakitundikwi kitu cha kujaribia, dada. Kanuni."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa lilitutesa. Alipoondoka, mzee alirudi kwenye nyundo yake. Kazi ya kiwanda kile ndiyo iliyokuwa ikiushikilia mlango wetu wazi. Bila kazi hiyo karakana ingefungwa, na fundi makochi, ambaye nafasi yake ilikuwa imejaa hadi barabarani, alikuwa tayari ameonekana mara mbili akiupima ukuta wetu kwa futi yake huku akijifanya anajikuna mgongo.

Mzee alikuwa na rundo la mabaki ya karatasi za chuma kinachong'aa, aliyoyapata kwa mtu anayetengeneza masinki. Aliyaita stenlesi, na kwa kweli yalikuwa stenlesi. Mimi nikamweleza kwamba stenlesi ni ukoo, si mtu mmoja, na kwamba ndani ya ukoo huo wamo wanaovumilia chumvi na wamo wanaoikimbia. Yale mabaki yake yalinasa kwenye sumaku. Kwa jikoni yalifaa. Kwa Kurasini yangeota kutu. Tulihitaji gredi iitwayo mia tatu kumi na sita, ambayo ni ghali zaidi na haipendani na sumaku.

"Umeijaribu?"

"Nimeisoma, mzee."

"Aha."

Nilikwenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vyuma, nikarudi na karatasi ndogo ya gredi hiyo. Nikaikata vipande kwa mkasi wa bati, na ili kumaliza ubishi nikaomba ile sumaku ya spika bovu ambayo mzee huitumia kuokotea misumari. Nikaisogeza kwenye ukingo wa kipande. Ikanata. Kidogo, kwa aibu, kama mkono wa mgeni asiyetaka kukumbatiwa, lakini ilinata. Nilitangaza kwamba nimetapeliwa, kwamba ninarudi Gerezani sasa hivi, na kwamba nchi haitajengwa na watu wanaouza chuma cha masinki kwa jina la chuma cha bahari. Fundi vitanda aliacha randa yake kuja kusikiliza.

Mzee alichukua kipande, akaiweka sumaku katikati. Ikateleza ikaanguka. Akaiweka tena ukingoni. Ikanata.

"Hapa pembeni ndipo ulipokata," alisema. "Chuma kikiumizwa na mkasi kinakasirika kidogo, kinashika sumaku. Katikati hakijui kitu. Chuo hawakuwaambia?"

Walikuwa wametuambia. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwenye daftari, kwa wino wa rangi mbili. Nikasema, "Walituambia, mzee," na fundi vitanda akarudi kwenye randa yake akiwa ameridhika na elimu ya juu.

Tuliandaa sampuli tatu: ya kwanza ya alumini ya kupaka rangi, kama desturi yetu ya zamani, ya pili ya mabaki ya masinki, ya tatu ya gredi yangu. Hizi mbili za chuma mzee alizigonga herufi moja baada ya nyingine, kwa nyundo na vyuma vya herufi. Maneno niliyatunga mimi. Nilitaka sampuli ziwe na maandishi kamili ya kiwandani, kwa sababu herufi ndogo zenye kona ndizo hufa kwanza. Yalisomeka hivi: HATARI. VALVU YA AMONIA. USIFUNGUE BILA IDHINI YA MSIMAMIZI WA ZAMU.

"Andika 'Usiguse', inatosha," mzee alisema alipofika kwenye herufi ya ishirini.

"Mzee, mtu ana haki ya kujua kwa nini asiguse, na amuulize nani."

"Haki ni ya kwake, nyundo naipiga mie."

Jaribio la kwanza nililifanya nyuma ya karakana, kwa ndoo ya maji na chumvi ya mawe. Nilizizamisha sampuli zote na kila asubuhi niliandika hali zake. Siku zikapita, kisha wiki, na hali ikabaki ileile: sampuli zote tatu zilikuwa safi na zinang'aa, alumini ikang'aa kuliko zote. Kwa mara ya kwanza tangu binadamu aanze kufua chuma, kila mmoja alikuwa ameshinda. Wiki ya nne nikainama kunusa.

"Kaka," nilimwambia fundi vitanda, "hii ndoo yangu unaitumia?"

"Ni yako, dada injinia? Mie nilidhani ya jirani mwema. Nasuuziaga brashi za vanishi humo."

Basi kila nilipozitoa sampuli nizitazame, zilipita kwenye utando wa vanishi uliokuwa ukielea juu, zikapata koti jipya. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima kuzipendezesha.

Ilibaki miezi miwili, na nilihitaji mahali penye chumvi, mvuke na watu wasio na huruma. Mahali hapo palikuwa uani kwetu.

Nilipanga chumba Tandika kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu kutoka bara, ambaye ndiye aliyetunza masufuria ya kikundi cha kina mama wa mtaa. Kikundi kilikuwa na waumini wa kanisani na wa msikitini, kwa kuwa sufuria la watu mia halina dhehebu. Palipo na msiba, harusi, arobaini au kipaimara, masufuria yalitoka. Tatizo lilikuwa kuyarudisha. Mama aliyatia alama kwa rangi ya kucha, nukta tatu nyekundu, lakini moto huila rangi ya kucha, na isitoshe kila kikundi cha Temeke nzima kilikuwa kimebuni nukta tatu nyekundu. Ungeweza kupeleka msibani sufuria jipya ukarudishiwa babu yake.

Nilimwomba anikubalie nipigilie vibao vitatu kwenye mifuniko mitatu mikubwa, kwa ribiti. Alikigeuza kimoja akikitazama kwa mbali. Miwani ilikuwa ndani.

"Kimeandikwa jina la kikundi?"

"Mama, kimeandikwa kitu ambacho hakuna kikundi kingine Dar es Salaam hii chenye mfuniko ulioandikwa hivyo."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, kila moja, na yamenitia aibu tangu siku ile. Mtu aliyezunguka na hotuba kuhusu ahadi za vibao alimficha mama wa watu kibao kinasema nini. Nilijiambia kwamba nitamweleza jaribio likiisha. Watu wengi waovu wamejiambia hivyo.

Masufuria yakaanza safari. Mfuniko wenye kibao cha alumini ulitoka wa kwanza, kwenye msiba wa mtaa wa pili, ukasuguliwa kwa majivu na stilwaya na kina mama waliokuwa na uchungu, wakiimba. Uliporudi, herufi zilizosalia zilikuwa mbili. Nikampelekea mzee.

"Nilijua," alisema, ingawa ndicho alichowauzia watu kwa miaka mingi.

Mfuniko wa pili, wa chuma cha masinki, ulikwenda kwenye arobaini, ukafunika sufuria la achari ya ndimu usiku na mchana. Herufi zilikuwepo zote. Lakini kuzunguka ribiti na ndani ya kila kona ya herufi palikuwa na vidoa vya hudhurungi, kama madoa ya chai kwenye kitambaa cheupe, na nilipopitisha kidole kikarudi na unga wa kutu. Mzee alikitazama kibao hicho kwa muda mrefu kuliko kile cha kwanza.

"Hii ni stenlesi?"

"Ni stenlesi, mzee. Ila si ya chumvi."

"Basi si ya kwetu," alisema. Alikwenda kwenye rundo lake la mabaki, akaligeuza likaangalia ukutani.

Kilichobaki ni cha tatu, na cha tatu kilikuwa hakijarudi. Nilikiulizia kila wiki, na kila wiki mama alinijibu kwamba mfuniko uko mikononi mwa watu wema. Asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo mhandisi angefika Keko saa nane mchana kuona kibao chake, nilimkuta akichambua mchele uani.

"Shikamoo mama. Ule mfuniko mkubwa umerudi?"

"Marahaba binti. Ulikwenda msibani Kurasini, ukafanya kazi vizuri, Mungu amrehemu marehemu."

"Kisha?"

"Kisha yule mwenye msiba ana wifi yake, na mtoto wa wifi anaoa. Mwenge. Ukaunganishwa hukohuko."

"Anaoa lini, mama?"

"Leo," alisema, na akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Nilifika Mwenge saa tano, nimevaa ovaroli. Nyumba ya harusi ilikuwa nyuma ya mabanda ya wachonga vinyago, na nyundo zao zilisikika kama watu wanaogonga hodi bila kuchoka. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na pembeni, juu ya mafiga, yalisimama masufuria mawili makubwa. Kwenye mfuniko wa lile kubwa zaidi yalirundikwa makaa ya moto, kwani pilau lilikuwa limefikia hatua ya kupaliwa. Kibao changu kilichungulia ukingoni kati ya makaa mawili. Nilisoma HATARI.

Mpishi mkuu alikuwa mama wa pwani, mnene, amekaa kwenye kigoda na mwiko mrefu mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa maspika?"

"Hapana mama, mimi ni injinia."

"Wa pilau?" Kina mama waliokuwa wakikata vitunguu wakacheka. "Haya, sema shida yako."

"Nimefuata mfuniko. Ule wenye kibao. Nauhitaji Keko saa nane."

"Mfuniko uko kazini, mwanangu. Ukiufunua sasa, mvuke wote nje, na watu mia mbili watakula mchele mbichi wakikutaja kwa jina. Jina lako nani? Basi, usiniambie. Kaa pale, menya saumu."

Shahada yangu haikunisaidia. Nilikaa kwenye mkeka nikamenya vitunguu saumu, na kwa vidole vinavyonuka nikampigia mzee.

"Mzee, nimekipata. Lakini kiko motoni."

"Motoni vipi?"

"Kimepaliwa makaa. Pilau halijaiva."

"Usikiguse," alisema. "Ukiharibu pilau la harusi ya watu hata Keko usirudi. Kinasomeka?"

"Nusu yake naiona. Inasomeka."

"Nampigia sasa hivi asingoje saa nane, namleta huko huko."

Nilipokata simu mpishi alinisogelea. "Hicho kibao ulikiandika wewe?"

"Niliyatunga maneno, mama."

"Mungu akubariki. Miaka yote napika, wanaume wa ukoo wanakujaga mmoja mmoja: 'Dada, hebu tuonje chumvi.' Kuonja chumvi kwao ni minofu mitatu. Leo amekuja mjomba wa bwana harusi na sahani yake nyuma ya mgongo. Kainama. Kasoma. Kanyooka. Kaniuliza, msimamizi wa zamu ni nani? Nikamwambia, unamwona mwingine? Kaondoka na sahani yake kavu." Akashusha sauti. "Hiyo amonia ndiyo nini?"

"Ni gesi kali, mama, ya kutengenezea barafu. Inawasha macho mpaka yanatoa machozi."

"Basi ni kitunguu tu," alisema, akarudi kwenye kigoda.

Hapo ndipo nilipaswa kuendelea kumenya. Lakini maneno yake yalinichoma. Kibao changu, kilichogongwa kwa ajili ya ukweli, kilikuwa kimekaa juu ya chakula cha watu kikisema uongo. Hapakuwa na valvu pale, wala amonia. Kila aliyekisoma alikuwa amedanganywa, na mdanganyifu alikuwa mimi. Nilipigana na dhamiri yangu kwa vitunguu saumu kama sita hivi, kisha nikasimama mbele ya turubai na kuwaambia wageni waliokuwa wameanza kukaa:

"Ndugu zangu, samahani. Napenda kuwahakikishia kwamba pilau hili halina amonia."

Watu mia wakageuka. Kati yao, waliokuwa wamekisoma kile kibao hawakuzidi watano. Sasa walijua wote.

"Halina nini?" aliuliza mzee mmoja wa mbele.

"Amonia, mzee. Haimo kabisa."

"Nani kasema imo?"

"Hakuna aliyesema."

"Mbona unakataa, sasa?"

Minong'ono ikatambaa kiti hadi kiti. Mama mmoja akamfunga mwanawe mdomo kwa kanga. Baba wa bwana harusi akaja hadi jikoni, akakiona kibao, akauliza kwa utulivu wa mtu aliyealika wakwe kwa mara ya kwanza, "Hili sufuria limetoka wapi?" Mpishi alikuwa ananitazama mimi, na mwiko haukuwa tena mapajani.

Mzee wangu na mhandisi waliingia wakati huohuo. Mhandisi alikuwa na kofia yake ngumu kichwani, na nadhani kofia ile ndiyo iliyomaliza wasiwasi wa wengine na kuwathibitishia wengine kwamba hali ni mbaya. Alisalimia wazee, akapewa kiti, akakataa, akaja moja kwa moja kwenye sufuria. Baba wa bwana harusi akamshika mkono.

"Mtaalamu, tuambie. Hiki chakula kinalika?"

Mhandisi aliinama. Akasoma kibao chote kwa sauti, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akasimama wima na mikono nyuma.

"Kufungua siwezi," alisema. "Imeandikwa hapa. Msimamizi wa zamu yuko?"

Sikuwa na hakika kama anatania. Hata leo sina hakika. Mpishi alinyanyuka kwenye kigoda polepole, akajifunga kanga upya, akasema, "Mie hapa."

"Naomba idhini."

"Ngoja." Akatega sikio kwenye sufuria, akanusa, akahesabu kitu moyoni. Uwanja mzima ulinyamaza. Hata zile nyundo za wachonga vinyago nilihisi zimetulia. "Haya. Limeiva. Fungua."

Makaa yakapanguliwa kwa koleo, mfuniko ukanyanyuliwa, na harufu ya bizari iliyotoka pale ilikuwa hoja nzito kuliko hotuba yangu. Mpishi alichota sahani ya kwanza akamkabidhi mhandisi, aliyevua kofia yake, ndiyo mara ya kwanza namwona kichwa, akala vijiko vitatu mbele ya watu wote.

"Amonia haimo," alitangaza. "Chumvi imo, na imekaa vizuri." Watu wakacheka, na mzee wa mbele akaomba nyama yake iwe ya paja.

Mfuniko ulipopoa tuliuweka juu ya kigoda. Mhandisi akamwaga maji, akafuta masizi kwa leso, akachukua ufunguo wake na kukwaruza herufi ndogo kuliko zote. Hakuna kilichotoka. Hakuna doa kwenye ribiti wala kutu kwenye kona. Lakini chuma kilikuwa kimebadilika: upande wa makaa kiling'aa rangi ya dhahabu, na mahali pamoja pakageuka buluu kama shingo ya njiwa.

"Hii ni nini?"

Mzee alinikanyaga mguu. Nilimwelewa. Angetaka niseme ni urembo.

"Ni moto," nilisema. "Stenlesi ikipashwa sana hubadilika rangi hivi, na pale ilipobadilika uwezo wake wa kuzuia kutu hupungua mpaka isafishwe. Siwezi kukuahidi kwamba hapo patavumilia chumvi kama pengine."

Mzee alifumba macho. Nadhani alikuwa akimwona fundi makochi akiingia mlangoni na kochi lake la kwanza.

Mhandisi alinitazama, kisha akalitazama sufuria. "Dada, mimi nina kiwanda cha barafu. Nani atakuja kunipalia makaa juu ya valvu?"

"Hakuna."

"Basi tengenezeni." Akafikiri kidogo. "Maneno yawe haya haya. Nilitaka kuyafupisha, lakini nimeona yanavyofanya kazi."

Alikuwa na fomu ya majaribio, kwa sababu mtu yule haendi popote bila fomu, nami niliijaza juu ya goti langu, nikiwa na sahani ya pilau pembeni. Palipoulizwa mazingira ya majaribio ningeweza kuandika mvuke, chumvi na msuguano, na isingekuwa uongo. Lakini nilikuwa na deni na ukweli tangu siku ya miwani ya mama. Niliandika: misiba miwili, arobaini moja, harusi moja, stilwaya, majivu, ndimu, makaa. Mhandisi alisoma, hakutabasamu, akaongeza chini kwa mkono wake: "Agizo la kibao limetiiwa." Akatia saini.

Niliurudisha mfuniko Tandika mwenyewe siku hiyo hiyo, na Jumatatu nikampelekea mama kibao kipya cha gredi ileile, chenye jina la kikundi, nikamweleza kila kitu kuhusu kile cha kwanza. Alivaa miwani, akakisoma cha amonia mara mbili, midomo ikitembea.

"Kumbe umeniandikia hatari," alisema.

"Nisamehe, mama. Nitakitoa sasa hivi."

"Ukitoe cha nini? Nukta zetu watu wameziona miaka yote na masufuria yakapotea. Hiki kimerudi siku ileile ya shughuli, tena kimeoshwa." Akanisukumia kile kipya. "Hilo jina lipigilie kwenye sufuria dogo la chai."

Nilipofika Keko, fundi makochi alikuwa amesimama mlangoni kwetu akitazama karatasi mpya za chuma zilizoegemezwa ukutani. Alimsalimia mzee, akazungusha futi yake ikarudi mfukoni, akaondoka. Ndani, mzee alikuwa ameanza kibao cha pili kati ya vile vya kiwanda kizima. Alikuwa amefika kwenye neno MSIMAMIZI, na nyundo yake ilikuwa imesimama hewani juu ya M ya pili.

"'Usiguse' ingetosha," alisema bila kugeuka. "Njoo. Nishikie hapa."